Mfongo wa Wachaga na Hesabu ya Kuutengeneza

Wageni wa Ulaya waliofika Kilimanjaro katika karne ya 19 walistaajabia theluji kwanza, kisha maji yaliyoongozwa juu ya migongo ya mlima kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono. Harry Johnston, aliyekaa huko mwaka 1884, aliieleza mifereji hiyo katika kitabu chake. Na Charles Dundas akaiandika tena mwaka 1924. Wachaga wenyewe huuita mfereji huo mfongo. Wengi wamesifu ustadi wa kuuchimba; mimi nataka kutazama kazi isiyopata sifa, yaani kuukagua na kuutengeneza.

Mfongo huanzia katika banio, juu mtoni, ambapo maji hugeuzwa kwa mawe, matawi, majani na udongo. Kisha hufuata ubavu wa mlima kwa mteremko mdogo sana. Na penye korongo maji yalivushwa katika magogo yaliyochongwa yakawa wazi ndani. Kazi ya namna hii haiwezi kushindana na mafuriko. Kila masika, kati ya Machi na Mei, mto huondoa sehemu ya banio, na udongo huporomoka mferejini.

Kwa hiyo, kabla ya kiangazi, wazee waliotunza mfongo waliufuata kwa miguu, kuanzia banio mpaka shamba la mwisho. Walitazama mahali palipojaa mchanga, mizizi iliyopasua ukingo, na matundu ya fuko yanywayo maji kimya kimya. Hawakuwa na vyombo vya kupimia mteremko; maji yenyewe yaliwaonyesha, kwani yakituama, kina hakitoshi, na yakienda mbio, ukingo utaliwa. Banio lilitengenezwa kwanza, maana pasipo hilo kazi ya chini haina faida.

Baada ya kuhesabu uharibifu, walihesabu watu. Kila mwenye haki ya maji alipaswa kufika kazini, na asiyefika alitozwa faini au alinyimwa zamu yake. Hivyo haki ya maji ilipatikana upya kila mwaka kwa jasho. Lakini hesabu hiyo haikuwa kamili, kwani desturi iliwazuia wanawake kufanya kazi ya mfongo, ijapokuwa wao ndio waliobeba mzigo mkubwa wa shamba na nyumba.

Katika karne ya 20 mikono ilipungua. Vijana walikwenda shule na mijini, maji ya bomba yalifika vijijini, na mifongo mingi ikafa kwa kukosa watunzaji. Ndipo saruji ilipoonekana kuwa dawa: ijengwe mara moja, isihitaji watu kila mwaka. Fikra hiyo ina ukweli, kwa sababu mfereji wa udongo hupoteza maji mengi njiani. Walakini, si yote yavujayo yanayopotea; mengine huifikia migomba iliyo kando ya mfereji.

Tena lipo jambo kubwa zaidi. Banio la mawe na matawi haliwezi kuuziba mto wote, na maji yaliyopenya katikati ya mawe yaliwafikia walio chini. Kuvuja kwake, basi, kulikuwa sehemu ya mgawo, ijapokuwa hakukuandikwa popote. Banio la saruji likijengwa pasipo kuliangalia hilo, laweza kuchukua karibu maji yote ya kiangazi; wa juu wakashukuru matengenezo, na wa chini wakaukuta mto mkavu. Na walio chini ni wengi, kwani mito ya Kilimanjaro huingia katika Bonde la Pangani, ambamo bwawa la Nyumba ya Mungu lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya umeme na mashamba.

Sheria ya Maji ya Tanzania ya mwaka 2009 imeweka vibali na jumuiya za watumia maji, na hilo ni jema. Lakini kibali hakitembei kandokando ya mfereji. Atakayepanga kutengeneza mfongo leo hana budi aupime ufa na maji, kisha aulize maswali mawili ambayo fundi wa saruji haulizwi: nani atakayefika kuuzibua mwakani, na nani aliye chini aliyekuwa akinywa yale yaliyovuja? Asipoyajibu, ameutengeneza mfereji na kuuvunja mfongo.