Dhahabu na fedha: Kinga ya akiba shilingi inapoyumba

MKULIMA wa mpunga wa Ifakara huuza mavuno yake kwa shilingi, lakini mbolea na mafuta ya trekta atakayohitaji msimu unaofuata huagizwa nje kwa dola. Shilingi ikishuka kati ya mavuno na kilimo, akiba yake hupungua nguvu ingawa idadi ya noti ni ileile. Kwa sababu hiyo, suala la dhahabu na fedha kama hifadhi ya thamani linamhusu mkazi wa Bonde la Kilombero sawa na mfanyabiashara wa Dar es Salaam.

Katika Kiswahili, neno fedha lina maana mbili: madini meupe na pesa. Hilo si jambo la bahati, kwani rupia iliyotumika nchini wakati wa utawala wa Wajerumani ilikuwa sarafu ya fedha halisi.

Vita vya Kwanza vya Dunia viliujaribu mfumo huo. Waingereza walipoziba njia za baharini, sarafu mpya hazikuweza kuletwa, na watu wakazificha rupia za fedha walizokuwa nazo. Serikali ya Kijerumani ilichapisha noti za muda mwaka 1915 na 1916. Mwaka 1916 ilifua mjini Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, kwa kutumia dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Zilitoka sarafu 16,198 tu, zikiwa na picha ya tembo.

Hata sarafu hizo hazikuwa dhahabu tupu. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 7.168, na dhahabu halisi ilikuwa asilimia 75, yaani karati 18.

Tabora ilitekwa na Wabelgiji Septemba 19, 1916. Mapigano yalisogea kusini, na Mahenge, ng'ambo ya Mto Kilombero, ikaanguka Oktoba 9, 1917. Utawala ulioziahidi noti hizo ulipoondoka, karatasi ilikosa mdhamini. Aliyekuwa na rupia ya fedha alibaki na madini yenye thamani.

Shilingi ya Tanzania, iliyoanza kutumika mwaka 1966, haibadilishwi kwa dhahabu. Hata dola ya Marekani, ambayo serikali za nje ziliweza kuibadilisha kwa dola 35 kwa wakia moja (gramu 31.1), iliachana na utaratibu huo Agosti 15, 1971. Tangu hapo thamani ya sarafu hutegemea uzalishaji, mauzo ya nje na imani ya watu.

Deni huongeza mzigo. Reli ya TAZARA inayopita Ifakara ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988 kutoka China. Mkopo wa nje hulipwa kwa fedha za kigeni. Januari 2023 dola ilibadilishwa kwa takriban Sh2,300, na Septemba 2024 kwa takriban Sh2,700. Deni la dola 1,000 lilipanda hivyo kutoka Sh2,300,000 hadi Sh2,700,000 bila kukopwa hata senti moja zaidi. Mwishoni mwa 2024 shilingi ilirejesha sehemu ya nguvu yake.

Hapo ndipo dhahabu inaporudi. Kuanzia Oktoba 1, 2024, wauzaji wa dhahabu nje ya nchi wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe na kuuzwa nchini. Benki Kuu huinunua kwa shilingi, hivyo huongeza akiba ya taifa bila kutumia dola. Hata hivyo, shilingi zinazoingizwa sokoni kwa njia hiyo huhitaji kusimamiwa zisichochee mfumuko wa bei.

Kwa mwananchi, tahadhari ni muhimu. Kununua na kuuza dhahabu ghafi kunahitaji leseni, na masoko ya madini yaliyoanzishwa mwaka 2019 ndiyo mahali halali pa biashara hiyo. Kwa sonara, mnunuzi hulipia dhahabu pamoja na ufundi. Akija kuuza, hulipwa zaidi kwa uzito na karati. Risiti inayoonyesha mambo hayo mawili ni kinga ya kwanza dhidi ya utapeli.

Bei nayo hushuka. Januari 1980 wakia ya dhahabu ilifika dola 850, na mwaka 1999 ilikuwa chini ya dola 300. Ilivuka dola 3,000 Machi 2025 na dola 4,000 Oktoba mwaka huohuo. Fedha huyumba zaidi: mwaka 1980 ilikaribia dola 50 mwezi Januari, ikaanguka hadi takriban dola 11 mwishoni mwa Machi.

Dhahabu haizai riba, haioti shambani wala hailiwi njaa inapobisha hodi. Hufaa kwa akiba ya muda mrefu isiyohitajika kesho. Kwa mkulima wa Kilombero, fedha ya pembejeo za msimu ujao ni bora igeuzwe mbolea mapema kuliko kugeuzwa mkufu utakaouzwa kwa haraka na kwa hasara mvua zinapoanza.