Kabla ya 64 Kulikuwa na Mashimo

Mtu wa Eldoret akikuambia anaenda haiki, mara nyingi anamaanisha Iten au bonde la Kerio. Sawa, ukingo wa Elgeyo ni mzuri, na picha zake zinajaza simu zetu kila Jumatatu. Lakini tangu niache chuo na kuanza kuishi kwa kuandika, nauli ni kitu nafikiria mara mbili, kwa hivyo nimeujua uwanda wenyewe kwa miguu. Na huu uwanda wa Uasin Gishu, ambao watu huupita kwa matatu wakiangalia simu, una mambo.

Anza na Sergoit, kilima cha mawe kilichosimama peke yake kaskazini-mashariki mwa mji. Mwaka 1908 Makaburu zaidi ya 200, wakiongozwa na Jansen van Rensburg, walishuka meli Mombasa, wakapanda treni hadi Nakuru, halafu wakakokotwa na maksai kwenye msitu na matope mpaka mto Sosiani. Mwaka uliofuata Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu ikulu ya Marekani, alikuja pande za Sergoit kutazama vijana wa Kinandi wakiua simba kwa mikuki. Simba! Leo ukifika juu utaona trekta na ng'ombe wa maziwa.

Hadithi ya mji tunayoijua inaanzia hapo: shamba namba 64, posta ikafunguliwa 1910, jina Eldoret likaja 1912. Wazee wengine bado wanauita Sisibo, yaani sixty-four iliyopitia mdomo wa Kikalenjin. Mji ulioanza kama namba kwenye ramani ya mtu mwingine.

Kabla ya Makaburu, ardhi hii ilikuwa imeshatolewa ofa. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza iliwaambia Wazayuni wanaweza kujenga makao ya Wayahudi hapa. Vitabu huuita mpango wa Uganda, kwa sababu mpaka 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa Uganda, lakini uwanda wenyewe ni huu wetu. Mapema 1905 tume ya watu 3 ilikuja kukagua, na mwaka huohuo mkutano wao kule Basel ukakataa.

Wageni hawa wote walisimuliwa jambo moja: nchi ni tupu. Tupu kivipi? Wamaasai wa Uasin Gishu, ambao kaunti imebeba jina lao mpaka leo, walikuwa wamevunjwa na vita vya Wamaasai kwa Wamaasai katika karne ya 19. Wanandi nao walipigana na Waingereza kuanzia 1895, hadi Oktoba 1905 Richard Meinertzhagen alipomuua Koitalel arap Samoei kwenye mkutano ulioitwa wa amani. Baadaye Wanandi wakasukumwa kwenye rizavu. Miaka 3 tu, magari ya maksai hayo yakafika. Ukimfukuza mtu kwake, si lazima nyumba ionekane tupu?

Na chini ya hao wote kuna mashimo.

Yanaitwa mashimo ya Sirikwa. Ni mabonde madogo ya mviringo, mengi yakiwa kwenye miteremko, na yako mamia kwa mamia nyanda hizi za magharibi. Ukilitazama haraka utadhani ni shimo la kuchimba murram. Mwanaakiolojia John Sutton alifanya utafiti wake miaka ya 1960 na kuonyesha kwamba yalikuwa maboma ya ng'ombe, yaliyotumika kuanzia karibu mwaka 1200 hadi miaka ya 1700. Wenyewe walichimba boma chini, mlango ukawa upande wa mteremko, samadi na tope vikasukumwa nje hapo mpaka vikawa kichuguu. Nyumba ilishikana na boma, na mlango wake ulifungukia ndani kwa ng'ombe. Mwizi angelazimika kupita kwa mwenye mali kwanza. Usalama wa aina hiyo hata estate za Elgon View hazina.

Sirikwa wenyewe hawakuyeyuka hewani. Walimezwa na Wakalenjin na Wamaasai, na koo nyingi za Kikalenjin bado zinawataja kama mababu. Ndiyo maana jina lenyewe lina moto: kesi ya kikundi kilichojiita Sirikwa, wakidai mashamba ya miwati ya kampuni ya zamani, ilifika mpaka Mahakama ya Juu. Kila mtu hapa anataka babu aliyetangulia. Shida ni kwamba shimo moja linaweza kuwa na wajukuu pande mbili za ugomvi.

Kule Hyrax Hill, Nakuru, mashimo kama haya yana makumbusho na mtu wa kukutembeza. Huku kwetu yako kwenye shamba la mtu. Nenda jioni, jua likiinama, kivuli kinajaa ndani na unaliona shimo ukiwa mbali. Na ubishe hodi. Mimi nilibisha kwa mzee mmoja upande wa Moiben.

"Chamgei, mzee."

"Chamgei mising. Wewe ni wa serikali?"

"Hapana mzee, natembea tu."

"Unatembea tu na daftari?"

Alicheka, akanipeleka. Shimo lilikuwa na upana wa hatua zangu kumi na mbili, ndama wawili ndani wakikwepa upepo. Bado linafanya kazi yake, nikawaza. Aliniambia baba yake alimkataza kulilima, naye akawakataza wanawe. Lakini shamba linagawanywa, mpimaji ameshakuja, na kwa ploti ya 50 kwa 100 shimo hilo linakula zaidi ya nusu ya upana. Limeangukia kwa kitinda mimba, ambaye yuko Qatar kazini na anatuma pesa za msingi.

"Anajua?" nikauliza.

"Ataliona akija," mzee akasema, akawatoa ndama.