Kutoka meza ya magazeti hadi simu ya mkononi: upashaji habari nchini Kongo tangu 1990

Tarehe 24 Aprili 1990, Rais Mobutu alitangaza mwisho wa utawala wa chama kimoja nchini Zaire. Punde si punde magazeti yakachipuka kwa wingi mjini Kinshasa. Kwa kuwa bei yake iliwashinda wengi, watu walikusanyika mbele ya meza za wauzaji, wakasoma vichwa vya habari na kubishana papo hapo. Wakapewa jina la "wabunge wasimamao". Katika baraza hilo, mzushi alijibiwa uso kwa uso.

Hata hivyo, magazeti hayo yalifika mikoani kwa shida, na vita vya 1998 viliigawanya nchi. Redio Okapi, iliyoanzishwa Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Hirondelle la Uswisi, iliunganisha vituo vyake kwa setilaiti. Ikatangaza kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo. Hivyo msikilizaji wa Goma na yule wa Kinshasa walipata habari ile ile, ingawa waliishi chini ya tawala mbili zinazopigana.

Simu ya mkononi ilileta geuko jingine: aliyekuwa msikilizaji akawa mtoa habari. Lakini chombo hicho kina udhaifu wake. Gazeti hukamatwa nakala kwa nakala; mtandao hufungwa kwa amri moja. Desemba 2011, baada ya uchaguzi, serikali ilikata ujumbe mfupi wa simu. Januari 2015, wakati wa maandamano dhidi ya mswada wa sheria ya uchaguzi, intaneti nayo ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, ilifungwa tena kwa takriban siku 20. Serikali ilieleza kwamba ilitaka kuzuia matokeo ya uongo yasienee. Lakini amri iliyomziba mzushi ilimziba pia mwandishi wa habari aliyeweza kumkanusha.

Machi 2023, sheria mpya ya vyombo vya habari ilichukua nafasi ya ile ya 1996, na kanuni ya kidijitali ikaweka adhabu kwa wanaoeneza uongo mtandaoni. Adhabu, hata hivyo, haihakikishi habari. Kazi hiyo ingali ya mwandishi: kwenda mahali pa tukio, kuuliza, kulinganisha. Wabunge wasimamao walibishana juu ya ukurasa mmoja ulio mbele ya macho yao wote. Leo kila mtu ana ukurasa wake kiganjani, na mahali pa kubishania ndipo palipopungua.