Mwalimu Hugues na Sheria Tatu za Mwanafunzi

Katika karne ya 12 aliishi Paris, nchi ya Ufaransa, mtawa mmoja jina lake Hugues. Alifundisha katika shule ya monasteri ya Saint-Victor hata alipofariki mwaka 1141. Alitunga kitabu kiitwacho Didascalicon, apate kuwaonyesha wanafunzi yawapasayo kusoma, na kwa utaratibu gani.

Wenye elimu wengi wa kale walidharau kazi za mikono. Hugues hakufanya hivyo. Pamoja na sarufi, hesabu na masomo mengine, alitaja kazi saba: kufuma nguo, ufundi wa silaha na ujenzi, biashara ya safari, kilimo, uwindaji, matibabu na michezo. Hizo nazo, alisema, ni elimu, kwa kuwa zausaidia mwili katika unyonge wake.

Yeye mwenyewe, alipokuwa kijana, alipanga vijiwe apate kujua hesabu, akachora kwa makaa sakafuni apate kujua vipimo.

Basi alifundisha kwamba elimu huanza kwa unyenyekevu, wenye sheria tatu: usidharau elimu yoyote; usione haya kujifunza kwa mtu yeyote; nawe ukiisha kuelimika, usiwadharau wengine.

Sheria ya tatu ndiyo ngumu. Kijana hurudi nyumbani na diploma yake, akamwona baba yake mkulima kuwa mjinga. Kumbe mzee ajua udongo, mvua na mbegu, na elimu hiyo Hugues aliiandika kitabuni. Tena Hekima ya kweli, alisema, ni ya Mungu. Twasoma ili sura yake, iliyoharibiwa na dhambi, irudishwe ndani yetu. Je, mwenye majivuno ataipokeaje?