Kumbukumbu Bila Kisu

Elimu ina bei yake, na mara nyingi anayeilipa siye anayesifiwa.

Mwaka 1953, huko Hartford, Marekani, daktari William Scoville alimpasua kichwa kijana wa miaka 27, Henry Molaison, aliyesumbuliwa na kifafa. Aliondoa sehemu za ndani za ubongo, kulia na kushoto, ikiwamo sehemu kubwa ya ile iitwayo hipokampasi. Kifafa kilipungua. Lakini tangu hapo Henry hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Utoto wake aliukumbuka, ila mtu aliyeagana naye akirudi baada ya muda mfupi, kwake alikuwa mgeni tena. Bibi Brenda Milner wa Montreal alimchunguza kwa miaka mingi, na kwa msiba huo dunia ikajua kumbukumbu mpya hujengwa wapi.

Je, lazima mmoja aumie ndipo wengine waelimike?

Mwaka 1985, mjini Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka duara la waya juu ya kichwa cha mtu, wakapitisha umeme mwingi kufumba na kufumbua. Nguvu ya sumaku ikapenya fuvu, ikaamsha umeme ubongoni, na mkono ukashtuka wenyewe. Kanuni hiyo aliigundua Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo inayozalisha umeme katika jenereta.

Tatizo ni kwamba hipokampasi imejificha ndani mno, sumaku hiyo haiifikii. Mwaka 2014 Joel Voss na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walipitia mlango wa nyuma. Waliamsha sehemu ya juu ya ubongo inayowasiliana na hipokampasi, kwa siku 5 mfululizo. Watu wazima 16 wenye afya wakakumbuka vizuri zaidi maneno waliyofundishwa pamoja na picha za nyuso. Hakuna aliyepasuliwa.

Watu 16 ni wachache, kwa hiyo nawasihi msikimbilie wauza mashine za kuongeza akili. Hata sumaku hiyo, mara chache, imewahi kumtia mtu degedege. Anayejitolea aelezwe yote kwanza, kisha aamue mwenyewe.

Henry alifariki mwaka 2008, bila kuwakumbuka waliojifunza kwake. Nionavyo mimi, deni la kukumbuka limebaki kwetu.