Kamusi Iliyozaliwa Tokyo

Kamusi ya Kiingereza niliyoikuta kwenye meza za walimu wenzangu Mombasa ilikuwa na jina la Oxford kwenye jalada, lakini haikuzaliwa Oxford. Ilizaliwa Tokyo. Ilitolewa mwaka 1942 na kampuni ya uchapishaji ya Kaitakusha, wakati Japani na Uingereza zikipigana, na mtunzi wake mkuu, Mwingereza Albert Sydney Hornby, alikuwa ametiwa kizuizini kama raia wa nchi adui. Jina la kwanza la kamusi lilikuwa refu na kavu: Idiomatic and Syntactic English Dictionary. Yaani kamusi ya nahau na ya jinsi maneno yanavyopangwa. Nimefundisha Kiingereza kwa muda mrefu wa maisha yangu, na sijaona kitabu kilichomjali mwanafunzi wa lugha ya watu zaidi ya hiki.

Mwingereza hana haja ya kuuliza kwa nini lugha yake inasema hivi na si vile. Kaikuta mdomoni. Mgeni ndiye anayeuliza, na Japani ya miaka ya 1920 ilikuwa na wageni wa Kiingereza kwa maelfu: vijana waliosoma lugha hiyo miaka mitano au zaidi, wanaotafsiri fasihi neno kwa neno, na wakifungua kinywa hakitoki kitu. Mwaka 1922 Sawayanagi Masataro, mkubwa wa elimu, alimwalika Harold Palmer wa Chuo Kikuu cha London aje kutazama ugonjwa huo, na tajiri wa meli Matsukata Kojiro akafungua mfuko wake. Palmer hakuwa msomi wa kukaa maktaba tu. Alikuwa amefundisha lugha mji wa Verviers, Ubelgiji, kwa njia ya Berlitz inayokataza tafsiri darasani, mpaka Wajerumani walipoingia mwaka 1914 naye akakimbia na familia yake. Mwaka 1923 aliunda Tokyo taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza, mwaka ule ule ambao tetemeko kubwa liliuangusha mji.

Hornby alifika mwaka 1924, kijana wa Chester, kufundisha fasihi katika chuo cha biashara huko Oita, kisiwa cha Kyushu. Upesi akaona kwamba wanafunzi wake hawahitaji washairi wa Kiingereza kabla ya kujua Kiingereza chenyewe. Akaanza kuandikiana na Palmer, kisha akahamia Tokyo kufanya naye kazi.

Kazi waliyoifanya inahitaji kuelezwa polepole. Chukua kitenzi chetu cha kupiga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga mswaki, tunapiga hatua, tunapiga kura, na hakuna anayepigwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili anaweza kujua maana ya kupiga na maana ya pasi, asijue kwamba viwili hivyo vimeoana. Hakuna kanuni ya sarufi itakayomwambia. Kiingereza kimejaa ndoa za namna hiyo. Kosa Waingereza wanalitengeneza, kazi ya nyumbani wanaitenda, mvua kubwa kwao ni nzito. Palmer na Hornby walizikusanya ndoa hizo, wakazipanga kwa aina, na mwaka 1933 Palmer akatoa ripoti ambayo sehemu kubwa ya kazi yake ilitoka kwa Hornby. Ni rahisi kudhani kwamba ugumu wa Kiingereza uko kwenye maneno marefu yenye asili ya Kilatini. Hawa wawili walionyesha kwamba uko kwenye maneno mafupi kabisa, yale ambayo mwanafunzi wa darasa la tatu anayajua yote, ila hajui yanaishi na nani.

Palmer aliondoka Japani mwaka 1936. Hornby akabaki, na pamoja na Waingereza wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, akaigeuza elimu ile kuwa kamusi. Waliacha asili za maneno. Waliacha maneno adimu ambayo mwanafunzi hatakutana nayo. Nafasi iliyobaki wakaijaza mifano ya sentensi, na kila kitenzi wakakipa alama ya muundo wake, miundo 25 kwa jumla, ili msomaji ajue kinafuatwa na nini. Nomino nazo wakazitia herufi C kwa zile zinazohesabika na U kwa zisizohesabika. Kijapani hakina umoja na wingi wa namna ya Kiingereza, kwa hiyo alama hiyo ilikuwa jibu la swali la kila siku darasani. Ilitufaa na sisi. Kwetu shauri huzaa mashauri, na habari tunaambiana moja, mbili, tatu. Mwingereza kazifunga zote katika umoja, na mwanafunzi wangu aliyeona herufi U pembeni ya neno aliacha kubishana nami.

Isidhaniwe kwamba Wajapani walisubiri kamusi hiyo. Mwaka 1935, mji ule ule wa Tokyo, mchapishaji Akao Yoshio alitoa kijitabu cha maneno ya msingi ya mtihani, kidogo cha kutia mfukoni, na wanafunzi wakakiita Mametan. Mame ni maharagwe kwa Kijapani. Kiliuzika mno. Wakati Hornby anauliza neno linaishi na nani, vijana walikuwa kwenye treni wanayameza moja moja.

Bengal nako alikuwako Michael West, mkuu wa chuo cha walimu cha Dacca, aliyeona watoto wakiacha shule baada ya miaka michache bila kuondoka na chochote cha kuwafaa. Alitaka kila mwaka wa masomo uwe na faida yake hata kama mtoto hatarudi mwaka unaofuata. Akaandika upya vitabu vya kusomea kwa maneno ya kawaida, na mwaka 1935, pamoja na J. G. Endicott, akatoa kamusi iliyoeleza maneno yake yote kwa msamiati wa maneno 1,490 tu. Anayeona ni rahisi na ajaribu kueleza neno "dhamana" bila kutumia neno gumu kuliko hilo.

Sisi pwani tulirithi vyote, na urithi mwingine ulitoka Scotland. Mwaka 1938 mwalimu Angus Maciver alitoa Glasgow kitabu cha mazoezi kiitwacho First Aid in English, kwa ajili ya watoto wa Kiskoti. Sijui mwanafunzi wa Kenya wa rika langu ambaye hakukigusa. Kundi la simba huitwaje, mtoto wa bata bukini huitwaje, nani ni mtulivu kama tango. Mwalimu anasoma upande wa kushoto, darasa zima linaitikia upande wa kulia. Sikidharau, kilikuwa na raha yake, kwani watoto wetu wanapenda mafumbo na methali, na orodha za Maciver ziliingia mahali palipokwisha kulimwa. Lakini kilimpa mtoto nahau peke yake, imekatwa kutoka kwenye sentensi, bila kumwambia nani huisema na wakati gani.

Hornby aliachiliwa na kurudishwa kwao mwaka 1942, akapelekwa Tehran na British Council. Mwaka 1946 alianzisha jarida la walimu wa Kiingereza. Mwaka 1948 Oxford waliitoa kamusi ya Tokyo kwa kupiga picha kurasa zilizochapwa Japani, na mwaka 1952 wakaongeza kwenye jina neno la kumsifu mwanafunzi wa ngazi ya juu. Kisha serikali ya Uingereza ikagharamia matoleo ya bei nafuu kwa nchi zinazoendelea, yenye herufi ELBS kwenye jalada. Hizo ndizo nakala zilizofika mikononi mwetu, na bado unaweza kuzikuta kwa wauza vitabu wa barabarani, zile "inama bookshop", zikiwa na majina ya wenyewe watatu wanne kwenye ukurasa wa kwanza.

Tulikuwa nazo, ila mtihani ulimpenda Maciver. Tangu mtihani wa kumaliza shule ya msingi, KCPE, ulipoanza mwaka 1985, imani ilitanda shuleni kwamba insha ya Kiingereza isiyo na nahau haina alama. Nilisahihisha insha ambazo jua lilichomoza kwa madaha yale yale katika madaftari 40, mhusika ana afya kama fidla, na mvua inanyesha paka na mbwa hata kama kisa kimewekwa Garissa mwezi wa Januari. Mtoto aliyeandika hivyo mara nyingi alishindwa kuandika barua fupi ya kuomba ruhusa.

Kompyuta ndiyo iliyotoa hukumu. Mwaka 1987 John Sinclair wa Birmingham alitoa kamusi ya COBUILD, iliyotungwa kwa kuchunguza mamilioni ya maneno ya Kiingereza halisi. Mwaka 1998 Rosamund Moon, aliyewahi kufanya kazi kwenye mradi huo, alichapisha utafiti wake juu ya misemo, akitumia hazina ya maneno milioni 18. Sehemu kubwa ya misemo aliyoitafuta ilitokea chini ya mara moja katika kila maneno milioni. Baadhi ya ile mashuhuri haikutokea kabisa: nahau ya kifo ya kupiga teke ndoo haikuwamo, wala "by hook or by crook", yaani kwa njia yoyote ile.

Hii ya mwisho ilinichekesha. Kwa Mwingereza ni nadra, lakini kwetu ina afya tele. Utaisikia kwa mbunge akiahidi barabara, kwa mzazi akiapa kulipa karo, kwa shabiki kabla ya mechi ya Gor Mahia. Katika maneno milioni 18 haimo hata mara moja. Kaa dakika 20 kwenye mkutano wa hadhara Nairobi na kalamu yako, utaiandika mara mbili.