Kadi ya Besiboli Kutoka Karume: Je, Ni Mali?

Najua nimepotea, test zilitubana kweli kweli. Leo nimerudi na historia, ila msikimbie, hii ina hela ndani yake.

Mwenzangu wa chumbani alinunua koti la mtumba pale Karume. Kwenye mfuko wa ndani akakuta kadi ya besiboli ya mwaka 1990, mbele picha ya mchezaji, nyuma takwimu zake. Jamaa mmoja wa korido yetu akadakia kwamba kadi kama hizo Marekani zinauzwa mamilioni ya dola. Basi kelele usiku kucha! Mwenye kadi akaanza kupanga laptop, na kibaya zaidi akaanza kukopa watu hela ya kuituma Marekani ikapimwe. Wakati huo bumu halijatoka. Mimi kwa vile nasoma ualimu wa historia nikaambiwa, haya msomi, sema. Nimesoma siku tatu, majibu haya hapa.

Kwanza jamaa wa korido hakudanganya. Agosti 2022 kadi moja ya Mickey Mantle, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa kwa mnada dola milioni 12.6. Topps ni wale wale waliotengeneza bigijii iitwayo Bazooka, jina ambalo mtaani kwetu limegeuka bazoka. Kadi zilikuwa chambo cha kuuzia bazoka kwa watoto.

Sasa kwa nini kipande cha karatasi kifikie bei hiyo? Jibu ni kwamba wenzake walitupwa. Mwaka 1952 watu wengi hawakuona kadi ni mali. Watoto walizichezea, walizifunga kwenye matairi ya baiskeli zilie, mama zao wakazitupa wakati wa usafi. Hata Topps wenyewe walibaki na maboksi yasiyouzika, na Sy Berger, mtu aliyezibuni, alisimulia kwamba mwaka 1960 walizipakia kwenye jahazi wakaenda kuzimwaga baharini. Umeona? Bei ya leo imejengwa na dharau ya jana.

Halafu mambo yakageuka. Wale watoto wa miaka ya 50 walipokuwa watu wazima wenye kazi, wakaanza kutafuta kadi za utoto wao, na bei zikapanda. Mwaka 1984 James Beckett akaanzisha jarida la kutaja bei za kadi. Topps nao hawakuwa peke yao tena, kwani Fleer na Donruss waliingia sokoni mwaka 1981, na Upper Deck wakafuata mwaka 1989. Kila kampuni ikachapa, ikachapa, ikachapa. Wamarekani wengi wakanunua maboksi mazima, wakayafungia bila kuyagusa, wakisema haya ndiyo yatakayomsomesha mtoto chuo.

Hapo ndipo walipoumia. Kitu kilichotunzwa na kila mtu hakiwezi kuwa adimu. Mwaka 1994 wachezaji wa besiboli waligoma, msimu ukafia njiani, mashabiki wakakasirika na soko la kadi likazidi kuporomoka. Wakusanyaji wenyewe wanaiita miaka ile ya mwisho wa 80 na mwanzo wa 90 zama za takataka. Wazazi walipofungua maboksi yao miaka mingi baadaye, mengine hayakufikia hata bei waliyonunulia. Ada ya mtoto ikawa makaratasi.

Tena msidhani jina kubwa linaokoa. Ken Griffey Jr. aliingia kwenye jumba la heshima la besiboli mwaka 2016 kwa zaidi ya asilimia 99 ya kura. Kadi yake ya kwanza ya Upper Deck ya 1989 inapendwa mno, lakini zipo nyingi kiasi kwamba ya kawaida haikupeleki mbali.

Kwa hiyo ukishika kadi, jiulize hivi. Ni ya mwaka gani, na kampuni gani? Mchezaji ni nani, na hii ni kadi yake ya mwaka wa kwanza? Kona zake ni kali au zimechakaa, picha imekaa katikati, kuna mkunjo? Mwisho, nenda kaangalie bei ambazo kadi kama hiyo IMESHAUZWA. Achana na bei ambazo wauzaji wanaomba, kuomba ni bure. Kuhusu kupimisha, kuna kampuni kama PSA, iliyoanza 1991, inayotoa alama 1 hadi 10. Lakini kwa kadi ya kawaida malipo ya kupima yanazidi bei ya kadi yenyewe.

Tukaipima ya kwetu. Mwaka 1990, katikati ya zama za takataka. Mchezaji wa kawaida. Kona zimelegea, maana imesafiri kwenye koti. Hukumu yangu: haifiki hata bei ya chipsi mayai. Jamaa alininunia, ila hela za watu amerudisha zote, na hilo mimi nahesabu ni ushindi.

Lakini wadau, kuna kitu kinanikera kwenye haya mambo ya bei. Sisi wa historia tunapenda kuheshimu kitu kwa sababu kimebaki peke yake. Kubaki peke yake kunatuambia tu kwamba vingine vilitupwa, hakutuambii kilikuwa muhimu. Na cha kawaida nacho kina mdomo. Kadi hii isiyo na bei inaeleza kiwanda kilichochapa kupita kiasi, mtu aliyeisahau mfukoni, na biashara ya nguo kuukuu iliyoivusha bahari mpaka Ilala. Nikienda field nitaomba niende nayo darasani, niwaulize wanafunzi: hiki ni chanzo, kinasema nini?

Haya, na ninyi semeni. Kwenu kuna kitu gani kinatunzwa kabatini eti siku moja kitakuwa mali? Noti za zamani? Stempu? Kabla hamjakopa, kwanza ulizeni wangapi wengine wamevitunza.

Tuko pamoja.